Fumbo na Shamba Lake

Katika lugha ya Visiwani neno shamba lina maana mbili ambazo hazikai pamoja kwa salama. Ya kwanza ni kipande cha ardhi kilichopandwa: shamba la mikarafuu, shamba la muhogo, shamba la minazi. Ya pili ni kila mahali palipo nje ya mji. Mtu wa Nungwi au wa Makunduchi husemwa kuwa yuko shamba hata akiwa mvuvi asiye na shina moja la mtama. Kutokana na maana hii ya pili tumepata tusi ambalo kila mtoto wa mjini hulijua kabla hajaanza skuli, nalo ni mshamba. Mshamba ni asiyejua kuvaa, asiyejua kusema, asiyejua kuvuka njia penye gari. Hulitamka tusi hilo mtu ambaye asubuhi amekunywa chai kwa muhogo wa shamba, mchana amekula samaki kwa tui la nazi za shamba, na usiku atalala ameshiba neema ya hao hao aliowacheka.

Makala haya hayakusudii kulifuta neno hilo katika vinywa vya watu; maneno hayafutwi kwa makala. Linalokusudiwa ni kuuliza jambo moja tu ambalo wapenzi wa ushairi linatuhusu moja kwa moja: je, mtu wa mjini anapotengana na chakula chake, yaani asipojua tena kilivyopandwa, kilivyopaliliwa na kilivyovunwa, ushairi wake hupatwa na nini? Jawabu ninaloliona ni kwamba hupoteza fumbo. Na ushairi wa pwani usiokuwa na fumbo hubaki na vina na mizani tu, kama nyumba iliyobaki kuta baada ya paa kuezuliwa.

Tuanze na fumbo lenyewe. Walimu wetu walitufunza kuwa utungo mzuri una dhahiri na batini. Dhahiri ni kile kinachosemwa. Batini ni kile kinachokusudiwa. Baadhi ya wahakiki wamezoea kuikimbilia batini, kana kwamba dhahiri ni ganda la kutupwa mara tu kiini kikishapatikana. Mimi naona kinyume chake. Batini husimama juu ya dhahiri kama mti unavyosimama juu ya mizizi, na dhahiri isiyojulikana na msikilizaji haiwezi kubeba kitu.

Chukua methali ambayo sote tunaitumia: nazi mbovu harabu ya nzima. Kijana wa leo ukimuuliza maana yake atakujibu upesi kuwa rafiki mbaya huharibu rafiki mwema. Amejibu sawa. Lakini mwulize nazi mbovu inaiharibu vipi nzima, naye atakwambia labda zinaambukizana zikiwekwa katika kapu moja. Hapo ndipo utakapotambua kuwa hajapata kukaa juu ya mbuzi akakuna. Aliyekuna anajua kuwa ubaya wa nazi hauonekani katika kifuu mpaka ivunjwe, na kwamba chicha za nazi mbili zikishachanganywa katika chungio moja na tui likishakamuliwa, hakuna tena njia ya kuitenga mbovu na nzima. Chungu kizima kimekwenda. Methali hiyo, basi, inasema zaidi ya habari ya marafiki. Inasema kuwa uovu hufichwa na ganda zuri, kwamba mpishi asiyeonja kwanza hujilaumu mwenyewe, na kwamba yako mambo yakishachanganyika hayachanganuliki. Yote hayo yamo katika dhahiri, na yote humpotea asiyeijua nazi ila kama unga mweupe ndani ya pakiti.

Methali ni mfano mdogo. Tutazame utungo mkubwa. Katika Sauti ya Dhiki, diwani ambayo Abdilatif Abdalla aliitunga akiwa gerezani nchini Kenya kati ya mwaka 1969 na 1972 na ambayo ilichapishwa 1973, limo shairi mashuhuri la majibizano juu ya mnazi. Ndugu wawili wanaugombea mti mmoja. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini. Tangu lilipochapishwa, shairi hilo limesomwa kama fumbo la siasa: aliye juu ni mwenye madaraka, aliye chini ni raia, na mnazi ni nchi. Ufafanuzi huo ni sahihi na sina ugomvi nao. Ugomvi wangu ni na msomaji anayeishia hapo, kwa kuwa ameyapata maana bila ya kuuona mti.

Mwenye kuujua mnazi husoma vingine. Anajua kuwa mkwezi hukwea ili ateremke. Hiyo ndiyo kazi yake tangu jadi: hupanda kwa niaba ya walio chini, huangua, hushuka, akalipwa nazi zake au fedha zake kwa kila mnazi. Kukaa huko juu si makosa ya sheria tu. Ni kuupindua mpango mzima wa kazi hiyo. Anajua pia kuwa mnazi hauna matawi ya kukaliwa na watu wawili. Anajua kuwa tunda lake lina umri, na kila umri una jina: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Aliye juu anaweza kuangua madafu leo akaburudika, na kesho pasiwe na nazi ya kukuna kwa yeyote. Na anajua jambo la mwisho ambalo ni zito kuliko yote: mnazi hupandwa na mtu ambaye huenda asile matunda yake, kwani miaka mingi hupita kabla ya kuzaa. Kwa hiyo ugomvi wa ndugu wawili juu ya mnazi daima ni ugomvi juu ya jasho la mzee aliyekwisha kufa. Hakuna mstari unaohitaji kuyaeleza hayo. Mshairi aliyategemea masikio ya watu wa Mombasa wa wakati wake, na masikio hayo yalikuwa yamekulia chini ya minazi. Je, masikio ya leo?

Hapa ndipo suala la kilimo cha mjini linapoingia katika kurasa za ushairi. Watu wengi hulijadili suala hilo kwa hesabu za lishe na kipato, na hesabu hizo zina mahali pake. Lakini kwetu sisi mwenye bustani ya mchicha nyuma ya nyumba ni mtu anayeihifadhi dhahiri ya mafumbo yetu. Kwa bahati mbaya fasihi yetu haijamtambua.

Ushahidi wa madai haya ni vitabu vyenyewe. Utubora Mkulima cha Shaaban Robert, kilichochapishwa 1968, miaka sita baada ya kufariki kwake, ni kitabu chetu kikuu cha kumtukuza mwenye jembe. Kijana Utubora anaiacha kazi ya mshahara mjini na kwenda Busutamu kulima, na mwandishi anamjengea huko maisha ya amani na ya heshima. Uzuri wa kitabu hicho ni kwamba kinamtoa mkulima katika dharau na kumfanya kielelezo cha utu. Kasoro yake, kwa msomaji wa leo, ni kwamba kinauweka wema wote upande mmoja wa njia. Ili awe mkulima, Utubora hana budi ahame. Mji hauwezi kubadilika; mji ni wa kukimbiwa. Shaaban Robert mwenyewe alikuwa karani wa serikali kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na pengine ndiyo maana aliliona shamba kama mtu aliyefungiwa ofisini anavyoliona: mahali pa mbali penye hewa safi.

Miaka kumi baadaye, mwaka 1978, Adam Shafi alitupa shamba jingine kabisa katika Kasri ya Mwinyi Fuad. Huko shamba ni mahali pa dhuluma, ambapo wengi walitoa jasho na mmoja akajenga kasri, hadi Mapinduzi ya 1964 yalipoupindua mpango huo. Kitabu hiki ni dawa ya kitabu cha kwanza. Kinatukumbusha kuwa si kila jembe ni heshima, na kwamba uzuri wa shamba hutegemea limeshikwa na nani na kwa haki gani. Hata hivyo nacho kinaliweka shamba nje ya mji. Kati ya shamba la utulivu na shamba la dhuluma hatukubakishiwa nafasi ya mtu wa tatu, ambaye kwa idadi ndiye wengi wetu: mkaazi wa mjini asiyehama, mwenye kipande cha ua, ndoo mbili zilizotoboka na mbegu alizopewa na jirani.

Wala mtu huyo si mgeni aliyeletwa na zama hizi. Lugha yenyewe inamshuhudia. Neno kiunga, ambalo leo tunalitumia kwa maana ya pambizo za mji, maana yake nyingine ya tangu zamani ni bustani ya miti ya matunda. Waswahili waliojenga miji ya mawe hawakuwa na neno moja la mahali pa kukaa nje ya mji na jingine la mahali pa miembe na michungwa. Lilikuwa ni lile lile. Mji ulikwisha pale matunda yalipoanza, na matunda yalianza pale ambapo mtu wa mjini aliweza kufika kwa miguu akarudi kabla ya Magharibi. Mgawanyo wa mjini na shamba, ambao umezaa tusi la mshamba, haukuwa ukuta hapo mwanzo. Ulikuwa ni kiunga.

Historia ya karibuni nayo imejaa ushahidi. Baada ya Mapinduzi, Serikali ya Zanzibar iligawa ardhi kwa wananchi kwa vipande vya eka tatu, na neno eka tatu likaingia katika usemi wa watu kama jina la haki yenyewe. Wazee wa Unguja wanaikumbuka foleni ya chakula ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, wakati mchele ulipokuwa adimu na muhogo ukarudi katika sahani za watu waliojiona wameshauaga. Ng'ambo, nyumba ya kawaida ilikuwa na ua, na uani palikuwa na mpapai, mlimau, pilipili na kuku. Kisha yakaja majumba ya maendeleo ya Michenzani, yaliyojengwa kwa sehemu kubwa katika miaka ya 1970, yakawapandisha watu ghorofani ambako hakuna ua. Walipata mabomba na umeme, neema ambazo hakuna mwenye akili anayezibeza. Walichokikosa ni udongo.

Bara nako mambo yalikwenda kwa njia yake. Mwaka 1972 ulitangazwa wito wa Siasa ni Kilimo. Mwaka 1974 ukafuata wa Kilimo cha Kufa na Kupona, wakati wa ukame na upungufu mkubwa wa chakula. Na mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ambayo iliwasukuma watu wa mjini wasio na ajira waende wakalime. Tazama mwendo wa fikra hiyo: mtu wa mjini ni mvivu mpaka atolewe mjini. Wakati huo huo wakaazi wa Dar es Salaam walikuwa wakilima mchicha mabondeni na kando ya barabara bila ya kusubiri tangazo. Mwaka 1992 zilitolewa kanuni za kilimo cha mjini, na kiwango cha juu cha ardhi kwa mkulima wa mjini kikawekwa kuwa eka tatu. Sheria, kwa hiyo, ilimtambua mtu huyo miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Malenga bado.

Sijasema kuwa tungo juu ya kilimo hazipo. Zipo nyingi mno, na wingi wake ndio unaoniuma. Kila sherehe ya kilimo ina shairi lake, kila mashindano ya skuli yana ngonjera yake. Kwa kuwa sipendi kumtaja mtu kwa aibu, nitatunga mwenyewe ubeti mmoja wa aina hiyo, na msomaji ataona kuwa ameshausikia mara mia:

Mkulima shika jembe, ulime kwa ushujaa,
Wavivu na tuwachambe, wanaopenda kukaa,
Kwa dua Mungu tuombe, atuepushe na njaa,
Kilimo ndicho uhai, kwa taifa na jamaa.

Mizani imetimia, kumi na sita kila mshororo. Vina vya mwisho vimetua, na kituo kimejitenga katika kina cha kati kama desturi inavyoruhusu. Hakuna mwalimu atakayekosa kukipa alama. Lakini uliza: amelima nini mkulima huyu? Mpunga, kunde au mbaazi? Alipanda masika au vuli? Nani alimpa mbegu? Ubeti hauna jawabu, kwa sababu aliyeutunga hamwoni mtu, anaona bango. Jembe lake ni la kwenye bango, na njaa yake ni ya kwenye hotuba. Asili ya udhaifu huu ni nyakati zile za kampeni nilizozitaja, ambapo ushairi ulipewa kazi ya kuhimiza, nao ukaifanya kwa uaminifu hadi ukasahau kuwa kabla ya kuhimiza kuna kuona. Marehemu Mathias Mnyampala, aliyeikuza ngonjera, alikuwa fundi wa lugha, na hastahili kulaumiwa kwa kila kilichofuata. Waliofuata walichukua wito wakaacha ufundi.

Zingatia pia kuwa dhahiri na batini katika ubeti huo ni kitu kimoja. Kinachosemwa ndicho kinachokusudiwa, na hakuna kilichobaki chini. Huo ndio ushairi wa mtu aliyetengana na chakula chake: hawezi kufumba kwa sababu hana cha kufumbia.

Sasa niweke kando yake ubeti mwingine, nao ni wangu vile vile na umetungwa kwa ajili ya mfano tu, juu ya mwanamke wa mjini anayekuza mboga katika gunia:

Mchicha wa guniani, nanywesha kila kukicha,
Si maji ya kisimani, ya mchele, sitoficha,
Jirani yu mlangoni, na yeye apewe kicha,
Mshamba humu mjini, jina hilo sitoacha.

Sidai kuwa ubeti huu ni johari. Nadai kuwa una vitu ndani yake, na vitu hivyo ndivyo vinavyofanya kazi. Mna gunia, nalo si pambo, kwani kilimo cha gunia kimeenea katika miji yetu, na huko Kibera, Nairobi, kilisambaa sana baada ya machafuko ya 2007 na 2008, wakati watu walipokosa chakula na ardhi kwa pamoja. Mna maji yaliyooshewa mchele, ambayo kila mpishi wa pwani huyamwaga pasi na kuyafikiria. Mchele huo umetoka ng'ambo kwa meli, kwani sehemu kubwa ya mchele unaoliwa Zanzibar huagizwa kutoka nje, licha ya mabonde ya Cheju na Bumbwisudi. Kwa hiyo maji machafu ya chakula cha kigeni ndiyo yanayokuza chakula cha nyumbani. Hapo batini imeanza kujitokeza yenyewe bila ya kuitwa. Mna kicha, yaani mboga iliyofungwa, ambayo hapa haiuzwi bali hutolewa mlangoni. Na mna tusi lile lile tuliloanza nalo, ambalo mwenye kutukanwa amelikubali na kulivaa. Msikilizaji aliyewahi kumwagia mche maji atayafika haya yote. Asiyewahi atasikia habari ya mboga. Basi na asikie habari ya mboga. Hata hiyo ni zaidi ya habari ya bango.

Najua kuwa yapo mapingamizi, na yanastahili kusikilizwa. La kwanza ni kwamba mshairi si bwana shamba. Kazi yake ni hisia, si mbolea. Jawabu ni kwamba hisia haina mahali pa kukaa isipopewa kitu. Marehemu Haji Gora Haji, mzaliwa wa Tumbatu aliyefariki mwaka 2021, hakuhitaji kutufundisha uvuvi ili tungo zake zinuke bahari. Aliijua kazi ya bahari kwa mikono yake, na maneno yakaja yakiwa yamelowa. Hatumtaki mshairi atoe mafunzo. Tunamtaka awe na kitu mkononi.

La pili ni zito zaidi. Wapo wanaosema kuwa habari hizi za bustani za mjini ni ndoto za watu walioshiba, na kwamba gunia la mchicha halilishi nyumba yenye watu wanane. Ni kweli halilishi. Katika sensa ya mwaka 2022 Zanzibar ilihesabiwa kuwa na watu 1,889,773, na karibu nusu yao walikuwa katika Mkoa wa Mjini Magharibi. Mji wa namna hiyo utaendelea kuletewa mchele kwa meli, viazi kwa boti na ndizi kwa gari, na anayesema kuwa mabati na ndoo vitaugeuza kuwa nchi ya kujitosheleza anawadanganya watu. Fuoni, Tomondo na Kwarara, ambako si zamani sana palikuwa na makonde, sasa ni mitaa ya nyumba, na nyumba hizo hazitavunjwa ili muhogo urudi. Lakini mimi sikuahidi shibe. Nilisema habari ya kujua, na kwa ajili ya kujua mche mmoja unatosha. Mtoto aliyeotesha bamia moja katika kopo, akaiona ikichanua ua la manjano asubuhi na kulikunja siku haijesha, ameingiziwa akilini kitu ambacho mafumbo elfu yatakuja kukitumia.

La tatu ni lile linaloumiza. Mboga ya mjini si lazima iwe safi. Wataalamu waliozipima mboga za Bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, wamekuta ndani yake madini mazito yaliyoletwa na maji ya mto unaopokea taka za viwanda na za majumbani. Anayelima pale hana ardhi nyingine, na anayenunua hana fedha za mboga nyingine. Jambo hili huwafanya baadhi ya watu waikatae kabisa habari ya kilimo cha mjini. Kwa mwanasiha huenda ni sawa. Kwa mhakiki, hapa ndipo anapoona kuwa tungo za bango zimetunyima kitu kikubwa kuliko uzuri. Mchicha wa kijani kibichi, laini, unaovutia macho sokoni, na ndani yake mna sumu ambayo aliyeupanda hakuitia: hilo ni fumbo zito kuliko nazi mbovu, na ni fumbo la zama zetu. Linahusu aliye juu ya mto na aliye chini yake, mwenye kiwanda na mwenye jembe, muuzaji asiyedanganya ambaye hata hivyo anauza uharibifu. Angekuwepo Muyaka wa leo kando ya bonde hilo, asingeliacha lipite. Bonde lipo, mchicha upo, wanunuzi wapo. Aliyekosekana ni malenga aliyewahi kuushika.

Kuna methali isemayo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunaitumia kwa mzaha, tukimkumbusha mgeni kuwa muda umetosha. Dhahiri yake, hata hivyo, ni kwamba katika nyumba ya mwenyeji kuna jembe, na kwamba kumpa mtu jembe ni kumwingiza katika nyumba: kuanzia siku hiyo si mgeni tena, ni mwenzenu, anapanda nanyi na atavuna nanyi. Sisi watu wa mjini tumekuwa wageni katika mlo wetu wenyewe. Tunakaribishwa kila siku, tunakula, tunanawa, hatuulizi. Siku ya tatu imepita zamani.

Linalotakiwa kwa washairi wetu si kuhamia Busutamu. Ni kwamba kabla ya kutunga juu ya mkulima wamtafute aliye mtaa wa pili, wamwulize amepanda nini na kwa maji gani, na waondoke kwake wakiwa na angalau jina moja la mche ambalo hawakulijua walipobisha hodi. Linalotakiwa kwa walimu ni kwamba wanaposomesha fumbo la mnazi waanze na mnazi, na ikiwezekana waanze na nazi na mbuzi darasani, kabla ya kuandika ubaoni kuwa mti ni nchi. Na kwetu sisi wasomaji ni kwamba tusiuridhikie utungo kwa kuwa umetimiza mizani. Tuuulize mambo matatu: umepanda nini, nani alimwagia, na nani atakula. Utungo utakaoweza kujibu tuupokee, hata kama kina chake kimoja kimechechemea. Utakaoshindwa tuurudishe kwa mwenyewe kwa upole, tumwambie arudi baada ya mvua.